Shule ya Juu ya Dungu

Enzi zetu, watoto wa sehemu nyingine walikuwa na mihula miwili ya shule kwa mwaka. Sisi wa Ifakara tulikuwa na muhula mmoja na mpunga mmoja. Mnaokumbuka mtaniunga mkono. Msiokumbuka ni kwa sababu mmezaliwa juzi, mmekuta daraja limeshasimama juu ya mto, mkadhani limekuwepo tangu kuumbwa kwa dunia.

Mvua zikishachanganya, Katindiuka yote ilihama. Sisemi mtu mmoja mmoja, nasema mtaa mzima. Majembe, sufuria, mikeka, kuku waliofungwa miguu, mbwa asiyetaka kupanda mtumbwi, sanamu ya Bikira Maria ambayo mama aliivingirisha ndani ya kanga mbili isije ikavunjika, vyote vilivushwa ng'ambo ya mto kwenda mashambani. Nyumba zilifungwa kwa kamba, wakabaki mabibi wachache waliokataa kuhama, na mbuzi waliotembea barabarani kama wenye mji. Shuleni mwalimu akiita majina asubuhi, karibu ajiitikie mwenyewe.

Na sisi tulifurahi! Jamani, tulifurahi mpaka ilikuwa aibu. Nilikuwa darasa la tatu mwaka ninaotaka kuwasimulia, na kwangu shule ilikuwa mchakamchaka wa alfajiri, kidumu cha maji kichwani, fagio la chelewa mkononi, na mwalimu wa zamu anayekagua kucha kana kwamba ameficha kitu humo. Shambani hakuna anayekagua kucha. Shambani kuna tope la kuteleza kwa makalio, kuna kambale wanaonaswa kwenye majaruba maji yakipungua, kuna togwa ya mama inayopoa kwenye kibuyu. Kuna pepeta! Watoto wa leo mkipewa pepeta mnauliza imetoka kiwanda gani. Ule mpunga mchanga, bado una ukijani, unakaangwa, unatwangwa ungali wa moto mpaka unakuwa bapa, unaupepeta, unautia mdomoni na harufu yake inapanda mpaka nyuma ya macho. Tulikula pepeta asubuhi, tukala mchana, jioni tukalalamika kwamba tumbo linauma, mama akasema, "Tumbo haliumi, tumbo linashangaa."

Kazi yetu watoto ilikuwa moja tu: kuamia ndege. Mpunga ukianza kuingia maziwa, kweleakwelea wanakuja. Wanakuja wengi mno, wingu zima linageuka angani, linashuka, na pale liliposhuka hupati hata uji. Kwa hiyo kila shamba lilikuwa na dungu katikati, jukwaa la miti lililoinuliwa juu kuliko mpunga, likaezekwa nyasi kidogo za kuzuia jua, na juu yake anawekwa mtoto. Mtoto huyo ana kombeo, ana fimbo laini ya kurushia vidonge vya udongo, ana madebe matupu yaliyofungwa kamba. Lakini silaha yake kubwa ni koo. Unapiga kelele tangu umande mpaka jua linazama. Ukinyamaza ukafunga macho kidogo, umelisha ndege.

Mimi peke yangu nilikuwa siwezi. Nilikuwa mdogo, mwepesi wa kusinzia, na mashamba yetu yalikuwa mawili yaliyopakana. Mama alikuwa na kichanga mgongoni. Baba alikuwa na palizi la mwisho, ambalo yeye na jirani walikuwa hawajalimaliza. Kwa hiyo baada ya Pasaka baba alivuka mto, akaenda kumchukua Dada Agatha.

Hapo ndipo penyewe. Dada Agatha, mkubwa wetu, alikuwa darasa la saba. Alikuwa amebakishwa mjini kwa bibi makusudi, asome, kwa sababu mwaka ule ndio wa mtihani wa kumaliza. Na mwalimu mkuu alishatangaza mstarini kwamba mtoto wa darasa la saba ambaye hataonekana kabla shule hazijafungwa Juni, jina lake linakatwa, hatafanya mtihani. Wote tulijua. Baba naye alijua. Ila baba alikuwa na msemo wake aliousema kwa kila jambo lililomkwaza mwaka ule: "Ndege hawana likizo." Ukimwambia mtoto anaumwa, ndege hawana likizo. Ukimwambia Padre anakuja kusalisha kigangoni, ndege hawana likizo. Hakuwa mkatili, msimfikirie hivyo. Mpunga ule ndio ulikuwa sare zetu, chumvi yetu, mafuta ya taa, na hata hiyo michango ya shule ilitoka mle mle.

Dada Agatha alifika akiwa amenuna. Alipanda dungu la shamba la pili, akakaa, akanyamaza kimya. Ndege wakashuka. Mimi huku kwangu nikapiga madebe, nikapiga yowe, yeye kule kimya kama aliyemezwa. Mama akatoka kibandani, mtoto mgongoni, mwiko mkononi. "Agatha! Piga kelele mwanangu, hata kelele ya hasira!"

Dada akasimama. Badala ya ile "haaa, hooo" yetu ya siku zote, akajaza kifua akapasua: "Sabaaa mara naneee!"

Ndege wakaruka wote.

Na kutoka dungu la jirani, ng'ambo ya mfereji, ikaja sauti ya Desderi, mtoto wa darasa la tano aliyekuwa anajulikana kwa kuimba kwaya vibaya: "Hamsini na sitaaa!"

Nawaambia, siku ile ilianza shule ambayo hakuna mkaguzi aliyewahi kuifikia. Dada Agatha alikuwa mwalimu, mwalimu mkuu na kengele. Asubuhi tebo, ya mbili mpaka ya kumi na mbili. Jua likikaa sawasawa, mikoa na makao makuu yake. Baada ya wali, mito na maziwa. Anauliza kwa kelele, mimi narudia swali lifike mbele, madungu yanajibu kwa kelele, kwanza la Desderi, halafu la mbele yake, halafu la mbali ambalo hata hatukumjua mwenyewe, sauti tu inafika imechoka: "... na sitaaa." Ndege walikuwa hawajui watue wapi. Wakikimbia "Kageraaa!" wanakutana na "Bukobaaa!"

Pembeni ya mashamba alikuwepo Shija, mtoto wa Kisukuma aliyechunga ng'ombe wa baba yake. Walikuwa wamekuja bondeni karibuni, na Shija hakuwa amewahi kukanyaga darasa. Alisimama na fimbo yake begani akitusikiliza, siku kadhaa, kisha akaanza kujibu. Tebo alizishika haraka. Mikoa ndiyo iliyomshinda, kwa sababu alikuwa na jibu moja tu analolipenda. "Mkoa wa Lindi, makao makuu?" "Shinyangaaa!" "Ruvuma?" "Shinyangaaa!" Dada akimwambia amekosa, yeye anacheka, anasema, "Dada, kule ndiko kwetu, siwezi kupasahau." Tulicheka mpaka Desderi akaanguka kutoka dungu lake, akatumbukia kwenye jaruba, akaibuka na tope mpaka masikioni, na bado akajibu swali.

Wakubwa nao wakaingia. Utamkuta mama wa watu anapalilia, ameinama, anakuambia tisa mara tisa bila kunyanyua kichwa. Mama yetu alikuwa anasonga ugali kwa tebo ya nne. Mimi niliyekuwa nasinzia darasani kila siku, nilikaa macho mchana kutwa, nikawa natamani kuche nikapande dungu. Hizo ndizo siku zilizokuwa na raha kuliko zote nilizowahi kuishi, na nimekuwa nikisema hivyo kwa kila atakayenisikiliza, tangu wakati huo mpaka juzi.

Ila Juni ilikuwa inakuja. Mvua ya mwisho iliufanya mto ujae kuliko kawaida, mpunga ukachelewa kukauka, na kila jioni Dada Agatha alimtazama baba wakati wa kula. Baba alitazama ugali. Dada aliwahi kuthubutu mara moja tu, "Baba, shule zinakaribia kufungwa," na baba akajibu, mnajua alijibu nini.

Kisha asubuhi moja dungu la Dada likawa kimya.

Nilimwona amesimama, mdomo unafunguka, shingo imetoka mishipa, hakuna sauti. Koo lilikuwa limekauka kabisa. Alikuwa anauliza maswali na hewa tupu inatoka. Desderi ng'ambo anasubiri. Ndege wakaona nafasi yao, wakateremka na wingu lao lote. Baba akaja anakimbia kutoka upande wa pili, jembe begani, anafoka, "Agatha! Umelala?" Akafika chini ya dungu, akatazama juu, akamkuta binti yake anapiga kelele bila kelele, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni.

Baba alitupa jembe. Akapanda. Ndege wanakula, afanye nini? Akapasua kwa ile sauti yake ya kuitia mtumbwi: "Tisaaa mara sitaaa!"

"Hamsini na nneee!" akajibu Desderi.

"Hapana! Sitini na tatuuu!"

Hata ndege nadhani walisita. Kisha kutoka kwa mbali, pembeni kwa ng'ombe, Shija akaita kwa adabu zote, "Baba Agathaaa, shikamoo, ni hamsini na nneee!" Na mama kutoka kibandani, "Baba Agatha, umeachwa na watoto!"

Baba alicheka. Alicheka mpaka akakaa, dungu likatikisika, nami kwangu nikacheka mpaka nikapaliwa na pepeta. Cheko lilipita kutoka shamba hadi shamba, watu wameacha majembe, wanarudia, "Sitini na tatu! Sitini na tatu!" Mwaka mzima uliofuata jina la baba mtaani lilikuwa hilo.

Dada Agatha hakucheka. Hilo nililiona, sikulitilia maanani. Baba alilitilia. Aliacha kucheka taratibu, akamwangalia, akamfuta uso kwa pindo la shati lake lenye tope, akamchafua zaidi. Kesho yake asubuhi, kabla ya chai, alimwambia, "Funga nguo zako." Mtumbwi ulikuwa unaogopa ule mto, wenye mitumbwi nao waliogopa, ila baba alimvusha mwenyewe mpaka upande wa mjini, akampeleka hadi kwa mwalimu mkuu akiwa peku, akarudi jioni. Akapanda dungu la shamba la pili. Mtu mzima na ndevu zake, mwanakamati wa kigango, akaamia ndege mpaka tunavuna. Alitumia tebo ya mbili peke yake, akisema ndiyo anayoiamini.

Mimi niliporudi darasani Julai, sasa mje mcheke na nyie. Mwalimu aliniinua makusudi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nasinzia. "Haya, wewe mtoro wa mpunga. Saba mara nane?" Nilisimama. Kumbe miguu, mikono, koo, vyote vilishazoea namna moja tu. Kule shambani, ukisikia swali unalirusha kwenda mbele, dungu la mbele lijibu. Nikatupa mkono kama naachia kombeo, nikapasua: "Sabaaa mara naneee!" Njiwa wakatoka darini. Na kutoka darasa la tano, kupitia ukuta, kupitia darasa la nne lililokuwa katikati, ikaja sauti: "Hamsini na sitaaa!"

Desderi. Tulichapwa wote wawili, kila mmoja na mwalimu wake, na ilistahili.

Dada Agatha alifanya mtihani. Jina halikukatwa. Mama alimsukia nywele mistari iliyonyooka, baba akamkatia kalamu ya risasi kwa kisu cha kuvunia mpunga. Alitoka kwenye chumba cha mtihani, tukamzunguka tukiuliza, akasema hesabu za tebo zilikuwa rahisi. Basi. Majibu yalipokuja hakuchaguliwa. Miaka ile shule nzima inaweza kutoa mtoto mmoja kwenda sekondari, na mwaka ule hakuwa yeye. Nilishangaa sana, mdogo mimi, kwa sababu nilimwona ndiye mwenye akili kuliko bonde zima. Ilinichukua ukubwa kuelewa. Juu ya dungu tulikuwa tunapigia kelele tunachokijua tayari. Asilimia, riba, hesabu za matanki ya maji na zile sentensi ndefu za Kiingereza, vyote vilifundishwa mjini kati ya Pasaka na Juni, sisi tukiwa tunacheka. Hakuna mtoto kati yetu aliyeweza kumfundisha Agatha kitu ambacho hakuna kati yetu aliyekuwa amekisoma.

Maisha yalikwenda. Dada alilima, akakoboa, akauza mchele, akanunua shamba lake, akasomesha watoto wake wote mpaka walipochoka wenyewe. Mimi, niliyekuja baadaye wakati shule zimeongezeka, nilisoma, nikapata kazi Morogoro, na kila msimu wa mavuno narudi nyumbani kula pepeta.

Mwaka huu nilirudi na maneno mengi. Tulikaa barazani mimi na Dada, nami nikaanza. Watoto wa siku hizi! Wanapelekwa shule na basi la njano, begi linabebwa na mama. Wakinyeshewa kidogo wanapelekwa hospitali. Ukiwauliza saba mara nane wanatafuta simu iko wapi. Wajukuu zangu mwenyewe nikiwaambia nilikaa juu ya miti shambani wananiuliza kama kulikuwa na intaneti. Nikasema, "Dada, hawa hawajui raha. Ile shule yetu ya dunguni, wangeipata wapi? Mimi sijawahi kufurahi vile tena."

Dada Agatha alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Hakunyanyua kichwa.

"Wewe ulikuwa unacheza, mdogo wangu," alisema. "Mimi nilikuwa nalia. Ila kwa kuwa nililia kwa kelele, hamkujua."

Alisema bila hasira, akaendelea kutoa mawe. Mimi nilibaki nimebeba miaka yote ile ya kusimulia, sijui niiweke wapi. Niliona haya. Nilimpenda pia, mpaka nikashindwa kumtazama.

Kesho yake tulipanda bajaji kwenda mtoni kununua samaki. Barabara ya siku hizi ni nzuri, pembeni mpunga umesimama, na shule tuliyoipita ina bati jipya na bendera juu. Enzi zetu hatukuwa na daraja, kati yetu na shule kulikuwa na mto mzima, na michango ililiwa na ndege kabla haijafika kwa mwalimu. Leo daraja lipo, shule iko hapo unapoweza kuisikia kengele, ada imefutwa. Na hatujaenda mbali tukaliona dungu, na juu yake binti. Amefunga kanga kiunoni, pembeni yake kispika kidogo kinapiga singeli kwa nguvu zote, na ndege wanaruka huku na huko wamechanganyikiwa.

Nilicheka, nisidanganye. "Tazama, Dada! Siku hizi wanawachezesha ngoma!"

"Simamisha," Dada Agatha alimwambia dereva.

Bajaji ikasimama. Binti akatuona, akapunguza muziki, akaita kwa heshima, "Shikamooni!"

"Marahaba, mwanangu. Leo siku gani?"

"Jumanne, bibi."

"Uko darasa la ngapi?"

Binti akaangalia chini kwenye mpunga. "La saba."

Ndege walishaanza kushuka upande wa pili. Binti akageuka haraka kuwaangalia, mkono umeshafika kwenye kispika.

"Mama yako yuko wapi?" Dada akauliza.

"Kule mwisho, karibu na mfereji."

Dada Agatha akavua viatu, vile vyake vya kutokea, akaviacha kwenye bajaji. Akakunja kitenge mpaka magotini na kuingia kwenye tope, anapita kati ya mpunga kuelekea mferejini. Dereva akanigeukia. "Mama, samaki wataisha huko."

"Waache waishe," nilisema. Nikavua vyangu, nikamfuata.